Goma: "Iko inakuya", lakini sahani haifiki

Ni saa sita na nusu ya mchana katikati ya mji wa Goma. Walimu, watumishi wa ofisi, wauza simu na mashofere wanatafuta mahali pa kula haraka kabla ya kurudi kazini. Wanaingia restora, wanakaa, wanangoja. Mhudumu anapita mara ya kwanza bila kuangalia meza yao. Anapita mara ya pili, simu iko sikioni. Mara ya tatu analeta menyu ya kurasa nane, imefunikwa na plastiki kama kadi ya uchaguzi. Mteja anachagua tilapia. Tilapia hakuna leo. Anachagua sombe na nyama. Sombe imeisha. Kuku? Ndiyo, kuku iko, ila ni ya kungojea kidogo.

Dakika arobaini zinapita. Mteja anainua mkono, anauliza, na anapata jibu ambalo kila mkaaji wa Goma analijua kwa moyo: "Iko inakuya, mukubwa."

Maneno hayo mawili yanabeba mambo mengi. Yanaweza kuwa na maana kwamba chakula kiko juu ya moto. Yanaweza pia kuwa na maana kwamba mpishi hajapata habari yoyote ya kuku huyo, juu mhudumu alipita kwanza kwenye meza ingine. Na kuna siku yanamaanisha kwamba motari ametumwa soko la Virunga kununua kuku mwenyewe, akiwa bado mzima na miguu imefungwa. Mteja hawezi kujua yuko katika hali gani kati ya hizo tatu. Hilo ndilo linaumiza zaidi kuliko kungoja kwenyewe: angeambiwa ukweli tangu mwanzo, angechagua chips na mayai, au angesimama na kwenda kwa mama wa malewa kando ya barabara.

Kula inje ya nyumba si jambo dogo katika mji huu kwa sasa. Tangu AFC/M23 ilipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na watumishi wengi wa mashirika ya kigeni waliokuwa wakijaza meza za karibu na ziwa wakaondoka. Feza imekuwa ngumu kuipata hata kwa mwenye mshahara. Mtu anayempeleka mchumba wake, au baba anayewapeleka watoto siku ya yenga baada ya ibada, anatumia makuta aliyoyaweka kando kwa wiki kadhaa. Akipata dharau kwenye meza, anarudi nyumbani na aibu mbele ya watu wake, na hiyo haiandikwi kwenye fakture.

Menyu ndefu, friji tupu

Kwa nini restora iandike sahani arobaini na kupika tano? Wenye restora wana jibu lao, na si la uongo kabisa. Nyama na samaki vinahitaji baridi, na baridi inahitaji umeme. Goma inapata umeme kutoka kampuni kadhaa, zikiwemo SNEL na Virunga Energies, ambayo kituo chake cha Matebe kiko upande wa Rutshuru. Wakati wa mapigano ya Januari 2025 mji ulikaa siku kadhaa bila umeme wala maji. Hata katika siku za kawaida, mwenye restora anayenunua kilo ishirini za nyama bila kujua kama taa itakuwepo usiku anacheza na mtaji wake. Jenereta inakula mafuta. Basi wengi wamechagua njia ingine: kununua kidogo sana, ama kutonunua kabisa mpaka mteja aagize.

Tatizo ni kwamba mteja haambiwi. Menyu inabaki ileile iliyochapishwa miaka ambayo wageni walikuwa wengi. Ina pizza, ina filé ya ng'ombe na mchuzi wa pilipili manga, ina jibini ya Masisi iliyochomwa. Serveri anajua kwamba vitu hivyo havipo tangu zamani, lakini tajiri amekataza kusema "hakuna" kwa sauti, ati inaharibu jina la nyumba. Kwa hiyo anamwacha mteja asome, achague, akosee, achague tena. Ni kama mchezo wa kubahatisha, ila anayelipa ni mmoja.

Sambaza nazo zina hesabu yake. Samaki hao wadogo waliletwa katika ziwa Kivu kutoka Tanganyika miaka ya mwisho ya 1950, na leo hakuna sahani inayojulikana zaidi Goma kuliko sambaza za kukaanga na bugali. Wavuvi wanazivuta usiku kwa mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haizivuti sawasawa, na mavuno yanapungua. Mvuvi wa Kituku anajua hilo. Mama anayeuza sokoni anajua. Inashangaza kwamba mwenye restora aliye mita mia tatu kutoka ziwani anaacha wahudumu wake waahidi sambaza usiku wa mwezi mkubwa, halafu saa moja baadaye wanakuja kusema samahani.

Na hapo kuna somo kutoka kwa wale ambao hawana hata ukuta. Kwenye malewa, neno lililotoka Kinshasa na kuenea mpaka huku, mteja anakaa kwenye benchi, anaona sufuria kwa macho yake, anaonyesha kwa kidole: maharagi, lengalenga, bugali, kipande cha makayabo. Sahani inafika kabla hajamaliza kunawa mikono. Mama wa malewa ndiye mpishi, ndiye mhudumu, ndiye keshia na ndiye tajiri. Mteja akikasirika, ni yeye anapoteza feza ya unga wa kesho. Anakumbuka kwamba fundi wa simu hapendi pilipili na kwamba mwalimu analipa mwisho wa mwezi. Vitambaa vya meza hana, lakini anasema "imeisha" wakati imeisha.

Si kila malewa ni mbinguni, tueleweke. Maji ya kuosha sahani mara nyingi ni beseni moja linalotumika tangu asubuhi, na inzi ni wengi. Lakini watu wengi wanaofanya kazi Birere ama karibu na rond-point Signers wamekwisha kuchagua, na hawakuchagua kwa sababu ya bei peke yake.

Noti yenye kovu

Chakula kimefika, kimeliwa. Sasa kazi ngumu zaidi inaanza: kulipa.

Menyu imeandikwa kwa dola. Mteja ana franka. Kaunta inapiga hesabu kwa kiwango chake, na kiwango hicho kina tabia moja: kinaegemea upande wa nyumba siku zote. Tuseme fakture ni dola 10. Wabadilishaji feza wa barabarani wanauza dola moja kwa franka 2.300, lakini kaunta inahesabu 2.800. Mteja analipa franka 28.000 badala ya 23.000. Kesho yake anakuja mteja mwingine ambaye bei ameandikiwa kwa franka na ana dola mkononi. Huyu anahesabiwa chini ya kiwango cha barabarani. Pande zote mbili nyumba inashinda. Jambo hili lilionekana wazi katika Septemba na Oktoba 2025, wakati franka ya Kongo ilipata nguvu ghafula mbele ya dola. Wabadilishaji walishusha kiwango karibu kila asubuhi. Kaunta nyingi zilibaki na kiwango cha zamani kwa ajili ya wateja wenye franka, kama vile habari haijawafikia.

Kisha kuna suala la noti yenyewe. Dola yenye mpasuko mdogo kama wa ukucha, yenye alama ya kalamu, ama yenye kukunjwa sana katikati, inageuzwa mara tatu mbele ya taa na kurudishwa: "Hii haipite, papa." Mteja aliyepewa noti hiyohiyo jana, labda kwenye restora hiyohiyo kama chenji, anabaki kuangalia. Kule noti hizo zinakotoka, sheria ni ingine. Marekani inatambua thamani ya noti zake zote zilizotolewa tangu 1861, na noti iliyoharibika inaweza kubadilishwa kama zaidi ya nusu yake imebaki. Lakini Goma haiko karibu na kaunta ya Washington. Mpasuko wa milimita mbili unaweza kufanya noti ya dola 20 ikataliwe na kila mtu, na mwenyewe analazimika kuiuza kwa hasara kwa wale wanaokaa na vijimeza vyao barabarani na kununua noti zilizopasuka.

Franka nazo zimechoka. Noti za 500 na 1.000 zinazozunguka mjini tangu benki zifunge hazirudi kwenye kaunta yoyote kubadilishwa. Zimepita kwenye mifuko ya wauza samaki, kwenye leso za kina mama, kwenye mikono yenye makala. Nyingine zimeunganishwa na karatasi ya gundi. Mhudumu anazikataa kwa sababu tajiri atazikataa jioni, na tajiri anazikataa kwa sababu muuza nyama atazikataa asubuhi.

Na chenji? Mteja analipa 30.000 kwa fakture ya 26.500. Serveri anaondoka na feza, na hapo anapotea. Anarudi baada ya robo saa bila kitu: chenji haipo, labda mukubwa achukue maji chupa moja na bombo mbili? Ama apite kesho? Mara ingine anapewa franka za Rwanda, ambazo zinapita mjini bila shida, kwa kiwango ambacho hakuna aliyekiuliza. Wengi wanaacha, juu wana haraka au wanaona haya kugombania franka 3.500 mbele ya watu. Wahudumu wanajua kwamba watu wanaona haya.

Simu ingeweza kumaliza ugomvi huu, na kwa sehemu imeumaliza. Airtel Money, M-Pesa na Orange Money zimekuwa benki ya watu wengi mjini. Lakini hapa tena kaunta ina neno lake: mteja aongeze ada ya kutoa feza. Aliyeagiza sahani ya dola 5 anajikuta analipa zaidi ya bei iliyoandikwa ili mwenye restora asipoteze kitu, wakati ni mwenye restora aliyekosa chenji. Hiyo ada inatajwa wakati sahani ziko tupu, si wakati wa kuagiza.

Kuna pia wanaoacha kitu. Mteja ambaye noti yake imekataliwa na ambaye simu yake haina salio anaambiwa aache kadi ya uchaguzi, ambayo kwa Wakongomani wengi ndiyo kitambulisho chao cha kila siku, ama simu yenyewe, mpaka alete feza. Katika mji ambamo mtu anaweza kuulizwa yeye ni nani kwenye kona yoyote, kutembea jioni bila kitambulisho kwa sababu ya sahani ya chips si mchezo.

Anayebeba sahani analipwa na nani

Ni rahisi kumlaumu serveri. Uso wake ndio unaoonekana. Lakini ukiangalia namna kazi yake imepangwa, mambo mengi yanayomkasirisha mteja yanaeleweka, hata kama hayasameheki.

Katika bar na restora nyingi, hasa zile zinazouza bia, mhudumu hafanyi kazi kama mtu wa mshahara wa kawaida. Asubuhi anahesabiwa chupa. Kila chupa anayotoa kaunta imeandikwa kwa jina lake. Jioni anatoa feza. Ikipungua, ni yeye. Mteja akikimbia bila kulipa, ni yeye. Glasi ikivunjika, ni yeye. Noti mbaya ikiingia, ni yeye. Mtu anayefanya kazi hivyo anajifunza haraka kwamba mteja ni hatari kabla ya kuwa mgeni. Ndiyo maana anadai feza kabla ya kufungua Primus ya pili, ndiyo maana anasimama karibu na meza kama mlinzi wakati watu wako kwenye mazungumzo, ndiyo maana chenji ndogo inaingia mfukoni mwake bila maelezo. Anajaza shimo la jana.

Sheria ya kazi ya Kongo, ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema mambo tofauti kabisa na yanayoonekana nyuma ya kaunta. Kazi isipite saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa wiki. Mkataba usioandikwa unahesabiwa kuwa wa muda usio na mwisho, mpaka ushuhuda wa kinyume utolewe. Kipindi cha majaribio kisipite mwezi 1 kwa mfanyakazi asiye na ujuzi maalum. Na mwajiri hawezi kukata mshahara kwa sababu yoyote anayoitaka. Kuhusu mshahara, kiwango cha chini kilichowekwa mwaka 2018 kilikuwa franka 7.075 kwa siku. Mwaka 2025 serikali ya Kinshasa ilikipandisha kufika 14.500. Kwa siku 26 za kazi, hiyo inafanya franka 377.000 kwa mwezi.

Wasichana wanaobeba sahani mpaka saa nne ya usiku wangefurahi kuuona mwezi wa namna hiyo. Wengi wanaanza kwa "majaribio" ambayo hayana tarehe ya kumalizika, wanakula mabaki ya jikoni, wanalipwa kidogo na kuambiwa wategemee pourboire. Akilalamika, kuna wengine kumi mlangoni, kati yao wenye diploma. Mji umejaa vijana waliomaliza chuo bila kazi, na kuna hata waliosoma kazi hii hasa: Goma ina Institut Supérieur de Tourisme. Restora ambazo zinaajiri mtu kwa sababu amejifunza namna ya kupokea wageni si nyingi. Wengi wanachukua ndugu wa mke, mtoto wa jirani, ama msichana anayependeza macho, na mafunzo yake ni siku moja ya kumfuata mwenzake.

Hilo la kupendeza macho lina upande wake mchungu. Tajiri anataka wasichana warembo ili wanaume wakae muda mrefu na kunywa zaidi. Wanaume wanakaa, wanakunywa, halafu wanashika mkono, wanavuta kiuno, wanaomba namba ya simu kabla ya kulipa. Akikataa, anaitwa mwenye kiburi na analalamikiwa kaunta kwamba hana huduma nzuri. Sehemu ya hayo malalamiko ya "serveuse mwenye roho mbaya" yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp yangesomwa tofauti kama upande wa pili ungeandika pia. Na yule mteja anayeita kwa kupiga "tss, tss" kama anafukuza mbuzi, anayesukuma sahani na kusema "wewe, toa hii", naye amezaliwa katika mji huuhuu.

Aliyefika kwa jipu na aliyefika kwa miguu

Kuna jambo moja ambalo mishahara midogo haielezi. Ni upendeleo.

Gari kubwa likisimama mlangoni, wahudumu wawili wanasimama. Meza inapanguswa kwa kitambaa safi, menyu inaletwa mara moja, na kama kuku ni mmoja tu jikoni inajulikana atakwenda wapi. Aliyefika kwa miguu, viatu vikiwa na vumbi jeusi la volkano, au mama aliyevaa kitenge cha kila siku na mtoto mgongoni, anaangaliwa kwanza kuanzia chini mpaka juu. Hakuna anayemfukuza. Anapewa tu meza iliyo karibu na choo, na anasahauliwa. Kuna wanaoelezwa bei kabla ya kuonyeshwa kiti, kwa sauti ya kuonya.

Desturi hiyo ina historia yake. Kwa zaidi ya miaka ishirini restora za ufuko wa ziwa, kule Himbi na Kyeshero, ziliishi kwa dola za watumishi wa mashirika ya msaada, wa MONUSCO na wa watalii waliokuja kupanda Nyiragongo au kuona sokwe wa Virunga. Mwenyeji wa Goma alikuwa mteja wa ziada. Sasa wageni hao wamepungua sana, na meza zinatazamia watu walewale waliokuwa wakikalishwa karibu na choo. Baadhi ya wenye restora wameelewa na wamepunguza bei. Kubadilisha bei ni kazi ya asubuhi moja. Kubadilisha jicho la mhudumu ambaye amezoea kupima mtu kwa viatu vyake inachukua muda zaidi, na inaonekana wachache wameanza.

Mlango wa kupiga hodi

Mteja aliyeonewa anaweza kwenda wapi? Kwenye karatasi, njia zipo. Sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani inadai muuzaji amjulishe mnunuzi bei. Ushuru wa TVA, asilimia 16, ulianza kufanya kazi nchini tarehe 1 Januari 2012, na mteja ana haki ya kujua kama bei iliyo kwenye menyu imeubeba tayari au utaongezwa mwishoni. Wengi wamepata kuona fakture inakua kati ya meza na kaunta bila kuelezwa ni kwa sababu gani.

Kwa hali ya sasa ya Goma, ambamo utawala uliopo si ule uliowekwa na Kinshasa, mkaaji hajui hata barua ya malalamiko aiandike kwa nani. Lakini tusijidanganye: kabla ya Januari 2025 pia, mtu aliyeonewa franka 5.000 hakupoteza siku nzima kwenye ofisi ya serikali kuzidai, mahali ambapo labda angeombwa 10.000 za karatasi. Watu walitatua kwa mdomo. Bado wanafanya hivyo. Jina la restora linapitishwa kazini, kanisani, kwenye kikundi cha kwaya, na nyumba iliyokuwa inajaa siku ya posho inabaki na mziki na viti.

Wanaokula inje mara nyingi wamejifunza kujilinda. Kabla ya kufungua menyu wanauliza: leo kuna nini kilicho tayari? Wanauliza dakika ngapi, na wakiambiwa kumi wanahesabu thelathini. Wanauliza dola inahesabiwa ngapi hapa, wanaonyesha noti mapema kabisa ili ikataliwe kabla ya kula na si baadaye, na wanauliza kama kulipa kwa simu kuna ada. Wengine wanapiga picha ya ukurasa wa bei. Mbele ya mkwe ama mgeni maswali hayo yote yana ladha ya ubahili, na ndiyo maana wengi wanayaacha siku ambayo wangeyahitaji zaidi.

Upande wa nyumba, kuna chache ambazo zimepata dawa ya bei ndogo. Wametupa menyu ya kurasa nane na kuweka mlangoni ubao mweusi, kama wa darasa. Kila siku kabla ya saa tano mpishi anaandika kwa chaki vitu vinne au vitano vilivyopikwa, bei kwa franka, na chini yake kiwango cha dola cha siku hiyo. Noti ndogo zinatafutwa asubuhi kwa wauza mkate na wauza krediti ya simu, kabla mteja wa kwanza hajaingia. Sambaza zikiisha saa saba, mtu anatoka jikoni na kitambaa chenye maji, anafuta mstari, na anayesimama mlangoni anasoma kilichobaki kabla ya kuamua kama ataingia.